Mama Irmgard na Herufi Mbili

Baada ya miaka arobaini na miwili katika karakana yetu ya kupima kamba na minyororo, Bi. Irmgard Stadlhuber anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Tumeficha chaki zote asije akatupa zoezi la mwisho.

Alianza kazi mwaka 1983. Serikali ilikuwa imeshaamuru nguvu ipimwe kwa nyutoni, lakini mashine yetu kuukuu iling'ang'ania kilopondi, yaani "kp", ambayo ni uzito wa kilo moja. Mama Irmgard alizidisha kwa 9.81 kichwani huku akipaka mkate siagi, na hakukosea. Wageni aliwafundisha kwa chokoleti ya gramu mia: ikilala kiganjani, hiyo ni kama nyutoni moja. Kisha aliimega kipande, akala, akatangaza kwamba nguvu imepungua.

Kisa cha mti wa Mei, ile nguzo ndefu tunayoipamba na kuisimamisha kijijini kila Mei mosi, hakisahauliki. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani, tarumbeta zinalia, kreni inasubiri kuusimamisha mti wa tani mbili na nusu. Mama akaniandikia kwenye simu: ule mkanda wa kunyanyulia uliowapa wanakijiji unabeba kiasi gani? Mimi, mhandisi wa miezi mitatu, nikajibu: "20 kp". Sisi vijana tukiandika kp, kifupi cha "kein Plan" kwa Kijerumani, tunamaanisha "sijui". Yeye akasoma kilopondi ishirini, uzito wa mtoto wa chekechea.

Alifika kwa baiskeli, aproni kiunoni, akasimama mbele ya kreni. Bendi ikanyamaza. Nikamweleza maana yangu, watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Mwanangu, ishirini nini?"

"Sijui, Mama."

"Hujui, na mti unautundika juu ya vichwa vya watu?"

Tukasoma lebo: kilonyutoni 20, yaani nyutoni elfu ishirini. Akagawa kwa 9.81 papo hapo: mkanda ulibeba kilo elfu mbili na kidogo tu. Mti ungeanguka juu ya wapiga tarumbeta. Nililia, sioni aibu kusema. Mkanda ukabadilishwa, akaninunulia bia.

Juzi tulimwuliza atafanya nini kuanzia Jumatatu. Akaiokota chaki tuliyodhani tumeificha, akaandika ubaoni: kp.

Asante, Mama. Heri zote tunazokutakia zihesabu kwa kilopondi. Ukizigeuza kuwa nyutoni, utakuta ni karibu mara kumi.

Korbinian, chumba cha mashine