Madirisha Yanayomngoja Mgeni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Nishati. Viongozi wa meza kuu. Na majirani mliosimama kwa kukosa viti:

KARIBU
Sisi wakazi wa jengo hili la ghorofa nne tunakukaribisha kwa mikono miwili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi msemo huo tumeushika kweli kweli, maana tumekungoja tangu msimu wa baridi na sasa ni kiangazi. Mara ya kwanza ulikuwa safarini. Mara ya pili mvua ilibeba maturubai. Mara ya tatu palikuwa na Naibu Waziri mwingine, ikabidi jiwe la uzinduzi lichongwe upya. Hatulalamiki. Jiwe ni zuri na jina lako limekaa vizuri.

HISTORIA FUPI
Madirisha yetu ya zamani yalikuwa na fremu za chuma zilizopinda, na vioo ambavyo kila mtoto wa mtaa huu alivipunguza kwa mpira. Penye pengo tuliziba kwa boksi na gunia. Mwalimu wa ghorofa ya pili aliziba kwa ramani ya dunia. Msimu wa baridi hita ziliwaka kutwa, na joto lote likatoka nje kwenda kupasha moto barabara. Kiangazi feni zilizungusha joto lile lile. Tulikuwa tunateketeza umeme bure, tunakiri.

Ndipo mradi wenu ukaja. Mafundi waling'oa kila kitu wakapachika madirisha mapya ya vioo viwili viwili, yaliyozibwa kwa mpira pembeni hata nzi akitaka kuingia itabidi abishe hodi. Tunasema kwa dhati kwamba ni kazi safi.

Ila yalipachikwa bila vishikio vya kufungulia. Msimamizi wa jengo, ambaye kwa mapenzi tunamwita Bwana Kufuli, alitueleza kuwa mali ya mradi haitumiki kabla haijazinduliwa, na kwamba mtu wa kwanza kufungua dirisha lazima awe mgeni rasmi. Vishikio akavitia ndani ya boksi, akalifunga. Kinyozi wa ghorofa ya kwanza alijaribu kufungua lake kwa koleo. Aliitwa ofisini akaambiwa anahujumu maendeleo.

MAFANIKIO
Wataalamu waliokuja kupima walitangaza kuwa matumizi ya umeme hapa yameshuka kupita nusu. Ni kweli tupu. Tangu joto lianze, hakuna mtu anayekaa ndani. Tunapikia uani, watoto wanasomea uani, fundi cherehani ameshusha cherehani yake chini ya ngazi, na wanandoa wanagombana hadharani, jambo ambalo limepunguza sana ugomvi. Taa haziwaki, feni hazizunguki. Jengo lisilo na watu halili umeme, na tunaipongeza wizara kwa kuligundua hilo.

(Hapa tuliambiwa tusubiri makofi.)

CHANGAMOTO
Tumeelekezwa kwamba changamoto isizidi moja. Tunayo moja tu, nayo ni bibi yetu wa ghorofa ya nne, mama mzazi wa fundi cherehani. Kifua chake ni kibovu siku nyingi, na daktari aliagiza hewa. Zamani alikaa dirishani kutwa. Alijua nani katoka, nani karudi, na mtoto wa nani anavuka barabara bila kutazama. Wengi wetu tumegombezwa kutoka dirisha lile, tukanyooka.

Madirisha yalipozibwa, kila asubuhi wajukuu walimshusha uani kwa kiti cha plastiki, jioni wakampandisha. Juzi alikataa.

"Mimi si gunia la mkaa," alisema. "Aje huyo mgeni wenu, afungue."

Yuko juu hivi sasa. Mkwewe anampepea kwa kadi ya mwaliko wa sherehe hii, na pumzi inakuja kwa taabu. Mheshimiwa, tunaogopa. Anayekusomea risala hii ni mwanawe, huyo huyo fundi cherehani. Ukisikia sauti inatetemeka, si kwa kuihofia meza kuu.

MAOMBI
Tulikuwa na maombi mengi: tangi la maji, rangi ya ngazi, taa ya uani. Asubuhi ya leo tumeyafuta yote, likabaki moja. Ratiba inasema baada ya risala kuna hotuba ya mkandarasi, shairi, zawadi, hotuba yako, kisha utepe. Tunaomba utepe utangulie.

Boksi la vishikio liko chini ya meza yako, limefunikwa kitambaa cheupe, karibu na mguu wako wa kulia. Dirisha lenyewe ni la ghorofa ya nne, upande wa kushoto. Lifti hakuna, lakini wajukuu wapo tayari, na kile kiti cha plastiki kipo.

Bibi ametutuma tukwambie kwamba ukimfungulia atakupigia makofi. Makofi yake siku hizi hayana nguvu. Kwa hiyo dirisha likishafunguka, tunaomba muziki uzimwe na watu wote wanyamaze, ili sisi huku chini tusikilize kama yatakuja.

Mungu akupe afya na pumzi ya kutosha kumaliza ngazi. Mgeni umeshafika, Mheshimiwa. Mwenyeji yuko juu.

Ni sisi,
Umoja wa Wakazi wa Ghorofa Nne, kwa sasa wa Uani