Anawaua kwa Nini?

Novemba ile ukungu ulishuka Whitechapel, mtaa wa maskini wa London, kabla hata jioni haijaingia sawasawa, na kwenye benchi la Dorcas Pegg, muuza kahawa wa kona, hakuna aliyekaa akatulia. Kishindo chochote kiligeuza vichwa. Asubuhi ameokotwa mwanamke mwingine kichochoroni, koo limekatwa, na polisi hawana hata fununu. Wateja wa Dorcas walikuwa na majibu tele.

— Huyo kaachwa na mke, alisema Silas, mpakua makaa waliyemwita Jaji. Hasira anazimalizia kwa wanawake wa watu.

— Wewe mbona umeachwa na wawili? Umemchinja nani?

Huyo alikuwa Enoki, waliyemwita Nahodha ingawa hakuwahi kupanda meli. Alishikilia kuwa muuaji ni baharia: meli ikitia nanga, mtu anakufa. Mzee Gazeti, msomaji wa magazeti ya kuokota, akasema wauaji ni wenye magazeti, wanatafuta mauzo. Jaji akadai ni daktari anayeuza figo za maiti. Nahodha akahamia kwa mashetani.

Dorcas alimimina kahawa. Vichochoro hivyo alivipita kila siku akirudi kwake, na hakuna aliyewahi kumuuliza anafikaje.

Hapo akatokea binti mgeni, Lettice, mtengeneza maboksi ya viberiti, gundi imemkaukia vidoleni. Hakuagiza kahawa.

— Samahani, wajomba. Nimepanga chumba Uchochoro wa Gannet. Nani kati yenu atanisindikiza?

Jaji akachungulia kikombe chake. Nahodha akalalamikia goti. Gazeti akakunja gazeti, akalikunjua tena.

— Nenda tu, binti, Jaji akasema. Bado mapema.

Dorcas akafunika moto, akaitungua taa.

— Twende, mwanangu.

— Na kahawa yetu, mama? Nahodha akauliza.

— Imekwisha.

Birika lilikuwa nusu. Taa ilipoondoka, wale watatu wakasogeleana benchini.

Wanawake wale walishikana mikono, wakatembea upesi. Mlangoni, Lettice alipokwisha kufungua, akageuka.

— Na wewe, shangazi, utarudi na nani?

Dorcas akatazama walikotoka. Ukungu ulikuwa umeziba njia yote.

Lettice akasogea pembeni, akamwachia mlango wazi.