Dhadho Komora na Bolti Nane za Garsen

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti mkae karibu na redio. Leo tunamkumbuka Dhadho Komora, fundi wa pampu, mzaliwa wa Kulesa, aliyefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake. Familia inakadiria kwamba alikuwa na miaka themanini na minne. Ameacha mjane, Mama Loise, watoto watano na wajukuu ambao hata bintiye Hulda alishindwa kuwahesabu tulipozungumza naye.

Wengi wenu mlimjua kama mtu aliyeifundisha pampu kula mchanga. Ndivyo watu wa Garsen walivyokuwa wakisema. Lakini Hulda alipofika hapa studio alituletea ombi la marehemu, na ombi lenyewe halikuwa sifa. Alituambia, "Baba alisema mkitaka kunitaja, tajeni yote. Nusu yenye sifa imeshasemwa sana."

Basi wasikilizaji, tutaieleza yote.

Mwaka ni elfu moja mia tisa hamsini na nne. Dhadho ana umri wa miaka thelathini hivi. Karibu na Garsen kuna mfereji unaotoa maji Mto Tana na kuyapeleka kwenye mashamba ya mpunga ya vijiji vitatu. Mnaujua mto wetu. Maji yake ni mekundu, na katika kila debe unalochota kuna mchanga wa kutosha. Mdomo wa mfereji ulikuwa ukizibwa na mchanga huo kila mwezi. Kwa hiyo ofisi ya ujenzi ilileta pampu, ikaifunga juu ya chelezo cha mapipa yanayoelea pamoja na injini ya dizeli, ili inyonye mchanga mdomoni na kuutema mbali.

Pampu ile ilikuwa ya maji safi. Haikutengenezwa kwa ajili ya mchanga. Ndani ya pampu kuna gurudumu la chuma lenye mapanga. Mafundi huliita impela. Ndilo linalozunguka na kusukuma maji. Siku ya tisa, Dhadho aliifungua pampu akakuta mapanga yale yamelika, yamekuwa membamba kama ganda la yai. Akaweka impela nyingine. Nayo ikaliwa kwa siku kumi.

Dhadho alikuwa fundi hodari, hilo hakuna anayelikana. Alikata mapanga matatu kati ya sita ili mizizi na mabonge ya udongo yapate nafasi ya kupita. Akabadilisha puli, pampu ikazunguka polepole zaidi, maana mchanga unaokwenda mbio ndio unaokwangua zaidi. Ikafika siku ishirini. Kisha tumbo la pampu lenyewe, lile ganda la chuma linaloizunguka impela, likatoboka.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, shikeni jina hili. Dida. Dida alikuwa Muorma, mfugaji, aliyechukua kibarua pale kwenye chelezo kwa sababu kambi yao ilikuwa karibu. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba na kushika spana. Siku hiyo alimkuta Dhadho amekaa na lile tumbo lililotoboka mapajani.

Dida akamwambia, "Fundi, mimi naona kitu. Kule kisimani kwetu iko ndoo ya ngozi. Kila siku inakwenda chini, inagonga mchanga, inarudi. Miaka mingi. Ndoo ya bati, miezi mitatu imetoboka. Mchanga nakula kitu gumu. Kitu laini naacha."

Dhadho alijua papo hapo kwamba mtu huyu amesema kweli. Ngozi ingeoza ndani ya pampu, lakini mpira je? Akatafuta tairi kuukuu la lori, akalichana, akaukata mpira kulingana na umbo la tumbo la pampu, akaufunga ndani kwa bolti. Dida alikuwa akishika, Dhadho akikaza.

Pampu ikafanya kazi miezi mitatu bila kufunguliwa.

Bwana mhandisi wa ile ofisi ya ujenzi alikuja kutoka pwani kuitazama. Aliingiza mkono ndani, akaugusa ule mpira, akauliza, "Nani alifikiri hii?"

Dida alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo, ameshika kamba. Dhadho akajibu, "Ni mimi, bwana."

Miaka mingi baadaye alimwambia Hulda kwamba neno lile lilimtoka kabla hajalifikiria. Lakini baada ya kulisema alikuwa na muda wa kutosha kulirudisha. Hakulirudisha. Alimtupia Dida jicho, akamwona amegeuza uso anatazama mto. Juma lile Dhadho akafanywa fundi mkuu wa mitambo ya mto.

Hilo ni la kwanza, wasikilizaji. Alichukua wazo la mtu akaliita lake. Na la pili ndilo zito.

Mapema mwaka wa hamsini na tano, mpira ulichakaa, ikabidi uwekwe mwingine. Mashimo ya bolti yalikuwa kumi na sita. Bolti zilizokuwa bado nzima zilikuwa nane. Bwana mhandisi alikuwa anakuja Jumatatu na wageni, na fundi mkuu hakutaka kuonekana mbele yao na pampu iliyolala.

Safari hii Dida ndiye aliyekaza. Akauliza, "Fundi, na haya mashimo mengine?"

Dhadho akasema, "Funga hizo nane. Nyingine tutafunga zikija."

Wageni waliondoka wakiwa wamefurahi. Siku tatu baadaye mpira ulibanduka, ukamezwa na impela. Impela ikavunjika, shafti ikapinda, na pampu ikanyamaza. Mvua iliyonyesha upande wa pwani ilikuwa imeikata barabara ya Malindi. Vipuri vilichukua siku arobaini kufika. Siku arobaini, wasikilizaji. Mdomo wa mfereji ukajaa mchanga. Miche ya mpunga ya vijiji vitatu ikakauka ikiwa imesimama.

Likaitishwa baraza. Bwana mhandisi aliuliza mbele ya watu wote ni nani aliyeufunga mpira ule.

Dhadho akasema, "Bolti alifunga Dida."

Sentensi hiyo haikuwa na uongo hata mmoja ndani yake. Ndiyo maana ilimtesa maisha yake yote. Angekuwa amedanganya, alimwambia Hulda, labda angejitambua mapema zaidi.

Dida alifukuzwa kazi palepale. Hakujitetea. Kiswahili chake hakikumtosha kwa watu wengi namna ile. Na maneno hayakuishia kwake. Mkulima mmoja aliyeitwa Ngumbao, ambaye shamba lake lote lilikauka, alisimama akasema kwamba wafugaji wameiharibu pampu kwa makusudi, ili mashamba yafe na ng'ombe wapate malisho. Watu wakaitikia. Hapo wakakata shauri kuifunga malka. Kwa msikilizaji wa mbali, malka ni ile njia inayopita kati ya mashamba, ambayo mifugo huifuata kwenda kunywa mtoni. Wakaiziba kwa miiba kutoka mwanzo hadi mwisho.

Dhadho alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliyasikia yote. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua grisi kwenye kucha zake.

Miaka miwili ikapita. Pampu mpya ililetwa, akaifunga kwa bolti zote kumi na sita, ikafanya kazi vizuri. Watu wakamsifu. Loise anasema mumewe alianza kuacha chakula, na kila alipopongezwa alitoka nje.

Kisha ukaja ukame wa hamsini na saba. Dhadho alikuwa anasubiri kivuko hapo Garsen na sanduku la vipuri. Akamwona mama mmoja wa Kiorma ana kibuyu cha maziwa. Jua lilikuwa kali, akamwomba. Yule mama akammiminia kikombeni. Dhadho alipokuwa ameshaanza kunywa, mama akamtazama vizuri.

"Wewe ndiye fundi ya pampu."

"Ndimi, mama."

"Mimi Halima. Mke ya Dida."

Dhadho akakishusha kikombe. Akauliza habari za Dida.

"Yuko mbali na ng'ombe. Anatafuta maji. Hapa njia imefungwa." Alisema bila hasira, kama anayeeleza habari za hali ya hewa. "Tulikuwa na ng'ombe thelathini na nne. Sasa iko tisa. Kunywa, fundi. Wewe msafiri."

Akanywa. Alimwambia Hulda kwamba angetamani yule mama amrushie maziwa yale usoni. Badala yake alisimama pale, mtu mzima, fundi mkuu, akimaliza maziwa ya ng'ombe tisa, na mama akisubiri kikombe chake kwa upole.

Kivuko kilifika akakiacha kiende. Alirudi nyumbani akamweleza mkewe kila kitu. Mama Loise amenieleza mwenyewe jibu alilompa. "Nilimwambia, mimi unaniambia ya nini? Mimi sikuifunga malka."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Dhadho aliwaomba watu wasitawanyike. Akawaita na wale wa vijiji vingine. Akasimama akasema hivi: wazo la mpira lilikuwa la Dida, bolti nane ziliamriwa naye Dhadho, na Dida aliuliza kuhusu mashimo akazibwa mdomo.

Ngumbao akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hiyo miaka miwili ulikuwa unatutazama tu?"

"Ndiyo."

"Nimemkatia mtu maji kwa neno lako."

"Ndiyo."

Ngumbao akaondoka. Wote wakaondoka. Baba yake Loise hakumsalimia mkwewe tena mpaka anakufa.

Kesho yake Dhadho alichukua panga akaanza kuitoa miiba ya malka. Hakuna aliyekuja kumsaidia, na hakumwomba mtu. Siku ya nne, miiba ilipobaki michache, akasikia kengele za ng'ombe. Dida alikuwa amesimama juu ya ukingo. Amekonda. Nyuma yake walikuwa ng'ombe tisa.

Dida akauliza, "Umesema mbele ya watu?"

"Nimesema."

"Wale wote walikuwepo siku ile?"

"Wale wote. Na bwana mhandisi nimemwandikia barua. Hajajibu."

Dida aliitazama njia, akaitazama na mikono ya Dhadho. Dhadho alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba msamaha kwa siku nne. Akafungua mdomo.

"Ngoja," Dida akasema. "Ng'ombe iko na kiu."

Akawapitisha. Dhadho akajibanza pembeni kwenye miiba ili wapite.

Barua ile haikujibiwa kamwe. Dida hakurudi kazini, na hakutaka. Walikutana mara nyingi baadaye, wakasalimiana, lakini Dida hakuwahi kukaa kula naye. Dhadho aliendelea kufunga mpira kwenye pampu za mchanga hadi Ozi, karibu na mlango wa mto, na kila aliyemsifu alimtajia jina la Dida. Wengine walidhani ni unyenyekevu. Hilo nalo lilimwumiza.

Dida alitangulia kufa, miaka mingi iliyopita. Ijumaa, kwenye maziko ya Dhadho huko Kulesa, alikuja bintiye Dida, Bi Muslima. Hulda alimuuliza kama Dida aliwahi kumsamehe Dhadho.

Bi Muslima alisema, "Sitakudanganya, dada yangu. Sikumsikia akisema hivyo. Lakini alikuwa akituambia, yule mtu alirudi akasema, na wengine hawarudi."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Loise, kwa Hulda na ndugu zake, na kwa watu wote wa Kulesa, poleni sana kwa msiba huu. Na kwa Bi Halima, ambaye tumeambiwa bado yu hai, pamoja na Bi Muslima na jamaa zao, nanyi poleni. Poleni kwa ng'ombe ishirini na watano na kwa ile miaka miwili. Watu wengi walikuwepo barazani siku ile, na hapajatokea mwingine aliyewapa pole.

Tutanyamaza hapa kidogo, bila muziki. Pengine unaponisikiliza liko jina la mtu ambalo ulipaswa kulitaja ukakaa kimya. Kama mwenyewe yu hai, bado hujachelewa.