Moshi Nyuma ya Maabara ya Mbung'o

Amani kwenu nyote, mliotoka msikitini na mliotoka kanisani. Kikundi chetu hiki cha hapa Koboko kimesikia shuhuda nyingi. Leo zamu ni yangu.

Nilikuwa, na bado ni, mfanyakazi wa maabara kule Arua, upande wa Oli. Tunachunguza mbung'o, yule nzi anayeleta malale. Asubuhi nikifungua chumba chao walikuwa wakivuma taratibu, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo, nami nikasahau hata chai.

Lakini utafiti una takataka zake, ndugu zangu. Mirija ya plastiki, visahani, glavu: unatumia mara moja, unatupa. Vyote vilikwenda shimoni nyuma ya jengo, vikachomwa. Moshi wake ulikuwa mweupe, mzito. Mama mmoja Mkongomani aliyeuza sombe, yale majani ya muhogo, karibu na ua wetu aliniuliza, "Dada, munapika nini huko? Kila mutu hapa anakohoa."

Kikohozi kikanifikia na mimi. Mwanzoni tulikicheka. Halafu kutoka mlangoni hadi kwenye vizimba vya mbung'o ikawa safari ya kupumzika njiani. Hospitalini wakasema mapafu yamechoshwa na moshi, niondoke pale. Dada yangu akanileta kwake, hapa hapa Koboko.

Sijui nililala muda gani. Homa ilinibeba. Nikifumba macho naona zile glavu zinapanda kutoka shimoni, nyeupe, vidole wazi, zinaelea juu ya mji, zinapita Onduparaka ambako watu wanashangilia mpira, na hakuna anayeinua kichwa. Naamka, mvua iko kwenye bati. Nalala, ziko pale pale. Dada ananipa uji kwa kijiko: "Kunywa, bado unaota." Mimi nilijua nimekwisha.

Siku moja mkuu wa maabara akaja. Ni daktari, mama wa maneno machache. Akakaa kwenye mkeka, akanishika mkono.

"Nikuletee nini?"

"Usilete kitu. Zima ule moto."

"Na takataka tuweke wapi?"

"Tusizifanye nyingi hivyo, daktari."

Akaweka chini kikombe cha chai alichopewa na dada. Kisha akasema, "Moto nitazima. Lakini hayo mengine, uje tujaribu pamoja."

Nawaambia, kuhitajiwa ni dawa. Nilianza kula.

Niliporudi, shimo lilikuwa limefukiwa. Tulileta visahani vya kioo vya kuwekea damu wanayonyonya mbung'o, tukawa tunaviosha na kuvichemsha kwa mvuke. Friji za zamani zilizokuwa zikigandisha hewa tupu tukazizima. Jenereta likanyamaza saa nyingi, tukasikia ndege. Vitu vyenye ugonjwa havitumiwi tena: tunavipika kwa mvuke, kisha vinapelekwa kwenye tanuru linalofaa.

Halafu mbung'o wakaanza kufa. Kila asubuhi, sakafu ya kizimba nyeusi. Wakubwa wa mradi wakapiga simu: rudisheni plastiki, rudisheni shimo. Nilisimama pale, nikaona zile glavu tena, mchana kweupe.

Daktari akachukua kisahani, akakinusa. Akanipa.

"Unasikia nini?"

"Sabuni."

Tukatazamana, tukacheka hadi nikakohoa. Tulikuwa tukisuuza haraka mno, na sabuni iliyobaki ndiyo iliyowaua mbung'o! Tukapunguza sabuni, tukaloweka, tukasuuza kwa maji ya mvua, tena na tena. Tukangoja. Asubuhi moja nikafungua mlango, chumba kizima kinavuma. Nikakaa chini sakafuni, nikasikiliza kama mtu aliyerudi kutoka mbali sana.

Mapafu yangu hayajapona yote. Kilima bado nakipanda polepole. Lakini napumua, na mama wa sombe anapumua.

Namshukuru dada yangu kwa ule uji. Namshukuru daktari aliyekuja kukaa mkekani. Nawashukuru ninyi mlionitembelea nilipokuwa siwezi hata kuitikia salamu.

Nililojifunza ni hili: kazi ya kutafuta uzima wa watu haiwezi kumnyima jirani pumzi yake. Na wewe uliyekaa hapa, mwenye shimo linalofuka plastiki nyuma ya nyumba, kesho nitapita kwako. Sitakuja kugomba. Nitakuja na jembe.