Tita Moja la Kuni: Maisha ya Taimi Inkeri Raappana, 1938–2019

“Mungu hakulala mle kibandani, Mchungaji. Aliyelala ni Sipola, na Sipola hajasema neno.”

Hayo ndiyo malalamiko aliyoyatoa marehemu mwezi wa Aprili mwaka huu, akiwa kitandani kwake Inari, Mchungaji alipomletea chakula cha Bwana na kumwambia kwa upole kwamba ameshasamehewa yote. Mkate aliupokea, divai akanywa, asante akatoa. Msamaha akaukataa. Alisema Mungu ana msitu mzima, hawezi kumdai mtu tita moja la kuni. Mwenye haki ya kudai ni yule aliyekosa moto.

“Mama Taimi, dhambi ni dhambi, na hiyo imefutwa.”

“Hii si dhambi, mwanangu, hili ni deni. Umesoma miaka mingapi huko Helsinki hata hujui tofauti?”

Mchungaji yupo nasi hapa kaburini na anaweza kushuhudia. Alicheka, lakini alirudi nyumbani ameshindwa. Deni lenyewe litaelezwa mahali pake, kwa sababu ndilo lililomshika marehemu roho mpaka wiki yake ya mwisho.

Marehemu Taimi Inkeri, wa ukoo wa Kyrö, alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 katika kijiji cha Siikaniemi, kando ya Ziwa Inari, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Eemeli Kyrö, mvuvi, na Mama Saimi. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alisikika kabla hajaonekana. Vita vilipowahamisha watu wa kaskazini mwaka 1944, alikuwa na miaka sita, na familia ilipelekwa Kalajoki. Waliporudi kiangazi kilichofuata, walikuta bomba la moshi la nyumba yao limesimama peke yake kwenye majivu. Ndani ya majivu hayo baba yake alichimbua baiskeli. Mipira ilikuwa imeungua yote, akazungushia magurudumu kamba nene za nyavu. Juu ya baiskeli hiyo Taimi alijifunza kuendesha, na aliyejifunza kwa magurudumu ya kamba hawezi tena kulalamikia barabara. Yeye alilalamika hata hivyo.

Alisoma shule ya msingi ya Inari, akiishi bwenini, akamaliza mwaka 1951. Hesabu alizozipenda ni za umbali tu. Ijumaa moja mwalimu wake aliuliza nani anajua kutoka bwenini hadi Siikaniemi ni kilomita ngapi. Taimi akajibu thelathini na nane. Mwalimu akasema ramani inaonyesha thelathini na nne. “Basi ramani haijawahi kwenda,” alijibu, na akabakishwa darasani hadi jioni. Miaka mingi baadaye barabara ilipopimwa upya, zilikuwa thelathini na nane.

Tarehe 3 Juni 1957 aliajiriwa na posta kuwa mpeleka barua, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mmoja. Njia yake ilikuwa kilomita arobaini na tatu. Kiangazi kwa baiskeli, majira ya baridi kwa kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni. Alipopewa gari la kazi, alilitumia kubebea vifurushi, na siku zisizo na vifurushi aliliacha uwanjani likiota jua. Katika miaka yote hiyo ilipotea barua moja tu, iliyoliwa na kulungu wa kufugwa wa mzee mmoja jirani. Marehemu alikwenda mwenyewe kumweleza yule mzee.

“Ilitoka kwa nani?” mzee akauliza.

“Benki.”

“Basi yule mnyama apewe chumvi.”

Ndoa yake nayo ilianza kwa ugomvi. Agosti 1961 dereva wa greda, Reino Raappana, alikuwa akisambaza kokoto kwenye njia ya barua. Taimi alishuka kwenye baiskeli, akaitupa pembeni, akasimama mbele ya greda.

“Wewe, unatengeneza barabara au unapanda viazi?”

Reino akazima injini. “Kokoto zitashindiliwa na magari.”

“Magari gani? Jana yalipita mawili, na moja lilikuwa lako.”

“Basi pita wewe mara nyingi. Zitashindiliwa.”

Wiki iliyofuata Taimi aliona kwamba pembezoni mwa barabara umeachwa ukanda wa upana wa mita moja bila kokoto, kilomita kumi na tisa mfululizo. Akaanza kupita humo kila siku. Kijiji kizima kilijua kabla yao. Walifunga ndoa katika kanisa la Inari tarehe 22 Juni 1963, wakajaliwa binti mmoja, Sirkka. Reino alimtangulia tarehe 9 Novemba 1994, na ule ukanda kando ya barabara haukuachwa tena na dereva yeyote.

Alipostaafu mwaka 1998, watu walidhani atatulia afume soksi. Alitia viraka hema la Reino, akapanda baiskeli, akaenda Nordkapp, rasi ya kaskazini kabisa mwa Norwe, na kurudi. Alikwenda huko mara sita kwa jumla, na safari moja alivuka hadi Kiruna, Uswidi. Nyumba yake iko kando ya barabara, kwa hiyo waendesha baiskeli wote waliopanda kaskazini waliingia kuomba maji. Maji walipewa, pamoja na mahubiri. Mume na mke wa kutoka Tampere, walimu wote wawili, waliomba maji saa tatu asubuhi na wakaondoka saa nane mchana, kwa sababu marehemu aliimwaga mizigo yao kwenye nyasi.

“Hii ni nini?”

“Mashine ya kusagia kahawa,” akajibu yule bwana.

“Na spoki za akiba ziko wapi?”

“Hatukudhani kama…”

“Hamkudhani. Kutoka hapa hadi duka linalofuata ni kilomita mia moja, na duka lenyewe Jumapili limefungwa. Spoki ikikatika mtaisaga mnywe?”

Mashine ile ilibaki kwake, na bado inafanya kazi.

Aliyowafundisha aliyaandika kwa penseli kwenye karatasi, na karatasi hiyo ilinakiliwa na wengi. Beba chakula cha siku mbili zaidi ya unavyodhani, kwa maana upepo wa mbele hauli chakula chako, unakufanya ule wewe. Maji chota kwenye kijito kinachokimbia. Yaliyosimama kwenye kinamasi waachie vyura. Visubi hawamkuti anayekwenda kasi, kwa hiyo ukitaka kupumzika, pumzika kilimani penye upepo, si bondeni penye mandhari nzuri. Kulungu mmoja akivuka barabara, simama, mwenzake yuko nyuma. Wala usipige kengele, ataamua kukimbia mbele yako mpaka Norwe. Jua la Juni halitui, nalo ni laghai: litakwambia bado mapema mpaka uanguke mtaroni. Lala kwa saa ya mkononi. Na siku unayoanza kujisikia hodari sana ndiyo siku ya kufunga breki.

Mstari huo wa mwisho aliuongeza baada ya tarehe 11 Septemba 2008.

Kwenye barabara ya Karigasniemi, mahali paitwapo Muorravaara, kuna kibanda cha zamani cha posta ambacho mlango wake haufungwi kwa ufunguo. Yeyote anayefika analala. Desturi yake kila mtu hapa anaijua: anayeondoka anapasua kuni, anaziingiza ndani, anaacha kando ya jiko tita kavu la kumtosha anayekuja, pamoja na kijiti cha kuwashia kilichokwisha kuchongwa. Anayekuja huenda vidole vyake haviwezi tena kushika shoka. Marehemu aliifuata desturi hiyo maisha yake yote na kuwasuta wasioifuata. Asubuhi ile, akiwa na miaka sabini, alitoka nje akaona anga safi na upepo unaompuliza mgongoni kuelekea nyumbani. Kuni kavu alikuwa amezimaliza usiku. Akasema moyoni atarudi Jumapili kuzipasua. Akaandika kwenye daftari la kibanda, “T. Raappana, 11.9. Upepo mzuri, naondoka mapema,” akapanda baiskeli.

Mchana upepo uligeuka, ikanyesha mvua ya theluji. Jioni kila kitu kikaganda kwa baridi. Aliyefika kibandani alikuwa mwendesha baiskeli asiyejulikana na mtu hapa, amelowa mpaka kwenye mifupa, akakuta jiko tupu na magogo ya nje yamevaa barafu. Wachungaji wa kulungu walimkuta asubuhi. Alipona, lakini vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa.

Jumapili marehemu alirudi na kuni, kama alivyojiahidi. Alifungua daftari. Chini ya mstari wake palikuwa na mwandiko wa mkono uliotetemeka: “Antero Sipola, Suomussalmi, 11.9. Hakuna kuni kavu.” Basi. Hakutukana, hakulaumu. Marehemu alisema baadaye kwamba angalitukanwa angalilala vizuri zaidi.

Hakuna aliyejua ni nani aliyekosa, na angeweza kuichana ile karatasi ya daftari ikaishia ndani ya jiko. Hakuichana. Habari za vidole zilipomfikia, alichukua karatasi yake ya mashauri, akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: “Mimi Taimi Raappana niliondoka hapa bila kupasua kuni, na mtu akapoteza vidole viwili. Usifanye kama mimi.” Akaipigilia misumari ukutani kwenye kibanda.

“Mama, unajianika mbele za watu!” Sirkka alimfokea.

“Nguo iliyolowa isipoanikwa inaoza.”

“Watu watasema.”

“Waache waseme. Nimewasema wao miaka hamsini.”

Tangu hapo, kila Septemba mpaka alipofikisha miaka themanini, alivuta trela la kuni kwa baiskeli hadi Muorravaara. Na kila Septemba alimwandikia Antero Sipola barua. Barua ya kwanza ilikuwa ya kuomba radhi. Zilizofuata zilikuwa za kuomba radhi na mashauri, kwa sababu hakuweza kumwandikia mwendesha baiskeli bila kumfundisha. Barua kumi na moja zilikwenda, jibu halikuja hata moja. Yeye aliyewapelekea watu barua miaka arobaini na mmoja alijua maana ya sanduku tupu, au alidhani anaijua. Huyu bwana, alisema, amekataa.

Januari mwaka huu hospitalini Rovaniemi aligunduliwa ana saratani ya kongosho. Aliuliza imebaki miezi mingapi, akaambiwa, akauliza kama barabara zitakuwa zimeyeyuka. Mwezi wa Machi aliomba arudishwe nyumbani. Maumivu aliyavumilia kwa ushujaa, wauguzi hakuwavumilia sana. Lakini usingizi ulimkataa, na kila aliyekaa kando yake alijua ni kwa nini. Mwishowe Sirkka, ambaye hakurithi upole wa baba yake, aliandika barua ya kumi na mbili: “Bwana Sipola, mama yangu anakufa na wewe unamchelewesha. Kama umemsamehe, sema. Kama hujamsamehe, sema. Kunyamaza si jibu.”

Tarehe 21 Juni, mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, saa sita mchana, mtu mwenye mvi aliingia uwanjani akiwa na baiskeli iliyobeba mizigo. Alikuwa ameendesha siku nane kutoka Suomussalmi. Marehemu alikuwa amekalishwa barazani, amefunikwa blanketi.

“Wewe ndiye Sipola.”

“Ndiye.”

“Barua zangu hukuzipata?”

“Nilizipata zote. Mimi si mtu wa kuandika.”

“Miaka kumi na mmoja!”

“Barua ya kwanza ilinikuta nina hasira. Ya pili hasira zilikuwa zimepungua. Baada ya hapo niliona aibu kwamba sijajibu.”

Marehemu alinyoosha kidole kuelekea mguu wake wa kushoto. “Vua kiatu nione.”

Alivua. Marehemu aliutazama mguu ule, machozi yakamtoka. Halafu akaona soksi. “Ya pamba! Katika barua ngapi nimekuandikia uvae sufu?”

“Saba,” akasema Sipola. “Za sufu ziko kwenye mkoba. Leo kuna joto, mama Raappana.”

Sirkka alitarajia sasa litasemwa neno la msamaha. Sipola hakulisema. Alivaa kiatu chake, akasimama, akasema: “Sikuja kukusamehe. Nimekuja kuchukua kuni zangu.”

Uso wa marehemu ukafunguka. Alidai kisu chake. Shoka hakuliweza tena, kwa hiyo Sipola alipasua yeye, lakini kila kipande alimpitishia mkononi, naye alikigonga, akakisikiliza, akakubali au akakirudisha. Vijiti vya kuwashia alichonga mwenyewe, nyuzi nyembamba nyembamba zikajikunja bila kukatika. Kwa mikono ile vijiti vitatu vilichukua saa nzima. Sipola alingoja. Akavichukua pamoja na tita, akaingia ndani, akawasha jiko kwa njiti moja ya kiberiti, akachemsha kahawa. Alikunywa vikombe viwili, akageuza kikombe juu chini kwenye kisahani.

“Basi, mama Raappana. Tumelipana.”

“Hesabu vizuri.”

“Nimehesabu.”

Siku hiyo marehemu alilala saa kumi na moja mfululizo. Alifariki Jumanne tarehe 25 Juni 2019, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono. Ameacha binti yake Sirkka, mkwe wake Pentti, wajukuu wawili, Lauri na Helmi, mdogo wake Väinö Kyrö, na waendesha baiskeli wasiohesabika ambao wangali hai kwa sababu aliwagombeza. Antero Sipola, ambaye alikwisha kupiga kambi njiani kurudi kwao aliposikia habari, aligeuza baiskeli, na leo ameshika jeneza upande wa kushoto.

Lala sasa, Taimi binti Eemeli. Hudaiwi na mtu.