Bi. Mwanne Gharib, Aliyetufundisha Kutazama Begani Kabla ya Kukata Kona

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Mwanne Gharib anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kufundisha pikipiki katika Chuo chetu cha Udereva Mwambao, hapa Ujiji. Mimi, Meshack wa karakana, nimeombwa niandike machache juu yake kwa ajili ya hafla. Si kazi rahisi, kwa sababu mwenyewe hatulii. Tangu mwezi uanze anaingia karakanani, anabonyeza indiketa za pikipiki moja baada ya nyingine, anatoka, anarudi, anazibonyeza tena. Nikimuuliza anatafuta nini, ananijibu, "Sitafuti kitu. Endelea na kazi yako."

Ndivyo alivyo. Chai anakunywa amesimama. Kwenye vikao vya walimu anakaa karibu na mlango, na kabla mkuu hajamaliza kufunga kikao ameshatoka kuangalia nani anapanda pikipiki bila kofia ngumu.

Alizaliwa Kasingirima, akaja chuoni kama karani wa mapokezi. Asubuhi moja mwalimu wa pikipiki hakutokea, wanafunzi wakabaki wamesimama juani wakinung'unika. Bi. Mwanne alikuwa amezoea kuendesha pikipiki ya kaka yake. Akawasikiliza kwa muda, akashindwa kuvumilia, akajifunga khanga juu ya suruali na kutoka uwanjani. Mapokezi ilibidi waajiri mtu mwingine.

Somo lake wote tunalijua. Washa taa, tazama kioo, tazama begani, ndipo ukate kona. Kioo hakionyeshi kila kitu, husema, na bodaboda anaweza kukaa ubavuni pako usimwone kabisa. Ili wanafunzi wasigeuke kwa kujifanya tu, hukimbia nyuma yao ameinua kitu mkononi, na mwanafunzi lazima akitaje kwa sauti. Chungwa, ndoo, sufuria. Siku moja aliinua jogoo mzima. Mvuvi mmoja wa Mwamgongo aligeuka, akapaza sauti "Jogoo!", kisha akaendelea kumtazama hadi akaingia na pikipiki kwenye ua wa jirani. Jirani alicheka kuliko sisi.

Lakini nikimkumbuka Bi. Mwanne, namkumbuka zaidi mwaka aliokuja Révérienne.

Révérienne ni binti wa familia iliyotoka Burundi zamani na kuweka makazi hapa. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka chanjo vijiji vya milimani, kwa sharti kwamba awe na leseni ya pikipiki kabla muda wake wa majaribio haujaisha. Alijifunza upesi. Klachi, gia na breki havikumsumbua. Kila alipofika kwenye kona, hata hivyo, aliwasha taa na kukata bila kutazama begani.

"Geuza shingo, binti!"

"Siwezi, mwalimu. Inaishia hapa."

Akalegeza kitambaa alichojifunga shingoni. Alipokuwa mtoto, chungu cha mawese yanayochemka kilimpindukia jikoni kwao, na ngozi ikakaza kutoka sikioni hadi begani. Bi. Mwanne alitazama lile kovu, akatazama pembeni.

"Basi pikipiki iache, mwanangu. Sikupeleki barabarani ukafe."

Révérienne hakulia wala hakubembeleza. Alisema tu, "Nikiikosa hii kazi, mwalimu, narudi kuchemsha mawese."

Siku ile Bi. Mwanne alizunguka uwanja mpaka wanafunzi wakaanza kuulizana kama anaumwa. Kesho yake alifika karakanani mapema, khanga mkononi.

"Meshack, nifunge shingo na mabega. Kaza, isigeuke kabisa."

"Bi. Mwanne, utaanguka."

"Nimekuomba unifunge, sijakuomba ubashiri."

Nikamfunga. Akapanda pikipiki, akawasha indiketa ya kulia, na kwa kuwa shingo haikugeuka, akageuza kiwiliwili kizima. Mikono ikafuata kiwiliwili, hendeli ikafuata mikono, akalala chini kwenye changarawe. Kifundo cha mkono kilivimba. Nilipomkimbilia alikuwa ameshakaa, anazungumza peke yake. "Mikono ndiyo inayoharibu. Viwiko vimenyooka mno. Niinue!"

Alijaribu tena na tena, mimi roho juu, mpaka akapata njia. Mwendeshaji asogee mbele hadi magoti yabane tangi, akunje viwiko, apunguze mwendo mapema, kisha azungushe mgongo kuanzia kiunoni huku mikono ikibaki imelegea. Hapo hendeli haitikisiki, na jicho linafika nyuma hata kama shingo imegoma. Akamwita Révérienne, akaanza kumfundisha upya kama mtu asiyewahi kugusa pikipiki.

Siku ya mtihani, askari wa usalama barabarani alimtazama Révérienne na kuuliza, "Huyu atatazamaje nyuma?"

"Afande, mpime kwanza," Bi. Mwanne alijibu, na huku nyuma alikuwa amenishika mkono wa shati akiuvuta.

Révérienne aliwasha taa, akasogea mbele, akazungusha mgongo. Akaiona bodaboda inayokuja kasi ubavuni, akaiacha ipite, ndipo akakata kona. Safi kabisa. Nikataka kupiga makofi. Bi. Mwanne hakushangilia. Indiketa ilikuwa bado inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na Révérienne akaja nayo hivyo hivyo mpaka miguuni petu.

"Mgongo hauna tatizo," askari alisema. "Ila taa umeisahau, na anayekuja nyuma atadhani unakata tena. Hujafaulu."

Bi. Mwanne hakubishana naye. Njiani alisema sentensi moja tu, "Nimemfundisha mgongo, nikasahau kidole gumba cha kuzimia taa."

Muda wa majaribio ulikuwa unayoyoma. Kuanzia siku iliyofuata uwanja mzima ulisikia neno moja: "Kidole!" Révérienne akimaliza kona, "Kidole!" Akinywa maji, "Kidole!" Hata mimi nilianza kubonyeza kidole gumba nikiwa mezani. Mtihani wa pili ulipofika, alikata kona, taa ikazimika, na Bi. Mwanne akaachia shati langu. Leseni ikapatikana kazi ikiwa bado inamsubiri.

Révérienne alikuja kumshika mikono. "Urakoze cane, mwalimu," alimshukuru kwa lugha ya nyumbani kwao.

"Kofia yako hujaifunga," Bi. Mwanne alijibu, akageuka haraka asionekane uso.

Leo Révérienne anapanda milima na sanduku lake la chanjo, na ule ukaaji wa viwiko vilivyokunjwa tunawafundisha wanafunzi wote, wenye shingo nzima na wasio nayo.

Bi. Mwanne, walimu, wanafunzi na sisi wa karakana tunakushukuru. Tumesikia umenunua pikipiki yako mwenyewe, ya kwanza maishani, na kwamba Julai ikianza utaiendesha hadi Kasulu kwa binti yako. Tumejaribu kukushauri upande basi, hukutusikiliza. Mungu akupe afya, barabara kavu na wajukuu wasiochoka kukimbizana nawe. Tafadhali piga simu ukifika, maana siku hiyo hakuna atakayetulia hapa chuoni.