Bi Futi, Aliyekalia Viti vya Marehemu

Familia iliamua kwamba wasifu huu usomwe na mdogo wake marehemu, mtoto wa mwisho wa mama yao. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba auandike mwenyewe na asiwepo mtu wa kuupitia kabla haujachapwa. Kwa hiyo makosa yote yaliyomo humu ni yake, na mengine ni ya zamani.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 17 Mei 1953, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Wawili wa katikati walitangulia wakiwa wachanga. Ndiyo maana kati yake na mdogo wake kuna miaka kumi na mitatu, na ndiyo maana alimlea kama mwanawe wa kumzaa. Alimfundisha kutembea, kusoma saa, na kunyamaza wakubwa wanapoongea. Hilo la mwisho mdogo wake alilishika kupita kiasi.

Alianza shule ya msingi Januari 1960. Akiwa darasa la tatu alinunua penseli, akailinganisha na ya jirani yake, akaiona imepungua upana wa ukucha. Akairudisha dukani.

"We mtoto," mwenye duka akamcheka, "upana wa ukucha ndiyo nini?"

"Ni wangu," akajibu, "na nimeshaulipia."

Akasimama palepale mlangoni, hasogei, mpaka wateja wakaanza kuulizana kulikoni. Alipewa penseli nyingine na akaambiwa asirudi tena. Alimaliza sekondari mwaka 1971, na Machi 1974 akapata cheti cha ukaguzi wa mizani na vipimo. Miaka kumi na mitano aliyoifanya kazi hiyo ilimpa jina ambalo wengi wenu mnamjua kwalo. Wenye maduka walimwita Bi Futi, kwa ajili ya futi ya chuma isiyotoka mfukoni mwake. Walikuwa wakimwona tu anavuka barabara, wanakumbuka ghafla kufuta mizani vumbi.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi saa mwenye kibanda kando ya ofisi ya posta. Fundi saa alipenda kuwaambia watu kwamba mkewe alimpima kabla ya kumkubali, akamkuta amepungua inchi mbili, akamchukua hivyohivyo. Walijaliwa binti mwaka 1981, na mtoto wa kiume mwaka 1990. Mdogo wake marehemu aliishi nao akisomea upigaji chapa, na yule binti alimwita mama mdogo. Walilala chumba kimoja. Binti alikuwa hakubali kusinzia mpaka aweke kichwa juu ya huyo mama mdogo wake, awe amekaa au amelala.

Jumanne tarehe 12 Aprili 1988, saa saba mchana, marehemu aliendesha gari lao kwenda kumnunulia binti viatu vya shule. Mdogo wake alikaa nyuma upande wa kulia, na binti upande wa kushoto. Kabla ya kutoka getini, marehemu aligeuka, akamfunga mtoto mkanda kwa mkono wake mwenyewe, akasikia kifungio kikilia tak. Dakika kumi na mbili baadaye, lori la matofali lilisimama ghafla mbele yao. Marehemu alipasuka paji la uso. Mdogo wake alivunjika mtulinga, pale mkanda ulipomshika. Binti alifariki papo hapo, akiwa na miaka saba.

Polisi waliandika: mtoto hakufungwa mkanda. Marehemu alisema alimfunga, alisikia tak. Wakamgeukia mdogo wake pale wodini, yeye akiwa ndiye pekee aliyekaa na mtoto, wakamuuliza kama mtoto alikuwa amefungwa au hakufungwa.

"Sikuangalia," akasema.

Neno hilo moja ndilo lililoingia kwenye jalada. Gari lilikokotwa, likauzwa chuma chakavu hata kabla arobaini haijatimia, na hakuna aliyeukagua mkanda wake. Fundi saa hakumuuliza mkewe kitu, hata siku moja, na kutouliza kwake kulikuwa kuzito kuliko swali. Tangu siku ile marehemu aliishi na jambo moja, na watu wote wa nyumba ile walilijua. Je, alimfunga mwanawe, au ile tak aliisikia kwa sababu alitaka kuisikia?

Mwaka 1989 aliacha kazi ya mizani. Akafungua chama cha kutetea wanunuzi wa magari, katika chumba kimoja juu ya duka la betri, chenye meza mbili, taipureta moja na ngazi iliyopiga kelele kila mtu alipopanda. Mdogo wake alikuwa mpiga chapa, karani na mfagiaji. Kila lililoandikwa na chama kile kwa miaka thelathini na nne lilipita kwenye vidole vyake.

Namna ya kufanya kazi ya marehemu inajulikana, lakini inafaa isemwe vizuri maana imeongezwa chumvi. Alikwenda kwenye uwanja ambako polisi huweka magari yaliyopata ajali. Kabla hajapima chochote, aliingia katika gari, akaketi kwenye kiti alichofia mtu, akavuta mlango, akakaa dakika kumi. Mchana kweupe, jua la utosi. Kabla ya kukaa alisema, "Samahani, nipishe kidogo." Alisema hivyo kwenye kila gari, kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba nafasi kwenye benchi la hospitali. Alipotoka alikuwa anajua pa kupima. Hakuwahi kueleza anajuaje, na mdogo wake, aliyesimama nje na daftari, hakuwahi kumuuliza.

Mlinzi wa uwanja ule aliitwa Kufuli, na aliandika wageni wote kwenye daftari la getini. Kila alipoingia Bi Futi garini, Kufuli aliandika: ndani ya gari, watu wawili. Marehemu aligombana naye kwa hilo.

"Niko peke yangu, baba. Huyu mdogo wangu hata mlango hagusi."

"Mama, mimi naandika ninachokiona. Nisipoandika nitafukuzwa kazi."

Mambo hayo yalifika mahakamani mwaka 1997. Kampuni moja iliyouza magari madogo ilikuwa ikidai kwamba waliokufa ndani yake hawakufunga mikanda, kwa kuwa vifungio vilikutwa wazi. Bi Futi aliona kitu wasichokiona wao. Gari likigonga, uzito wa mtu huvuta utepe wa mkanda kwa nguvu, nao huungua pale unapopita kwenye pete yake, ukabaki na mstari unaong'aa. Kifungio kinaweza kukutwa wazi kwa sababu nyingi, lakini utepe usio na mtu hauungui. Alileta tepe kumi na tisa, zote zimeungua. Watu walikuwa wamefunga. Vifungio ndivyo vilivyofunguka vyenyewe.

Wakili wa kampuni akachomoa daftari la Kufuli. Akasema huyu mama aliingia na mtu wa pili, na huyo ndiye aliyezichezea tepe. Kufuli akaitwa, akaapa, akaulizwa mtu huyo wa pili ni nani.

"Hubadilika, mheshimiwa," Kufuli akasema. "Kila gari na mtu wake."

Watu wakaangua kicheko. Kisha mama mmoja wa safu ya nyuma, aliyefiwa na mumewe katika gari mojawapo, akauliza taratibu kama yule wa gari la kijani alikuwa na kipara. Kufuli akajibu ndiyo, na kwamba mtu huyo alikuwa akikifuta jasho. Wakili akasema hana swali zaidi. Kampuni iliyarudisha magari elfu nne na mia moja, ikabadilisha vifungio vyote. Siku ya hukumu marehemu alimwambia yule wakili, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Alimwambia wakili, lakini alikuwa amegeuka akimtazama mdogo wake, labda kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

Fundi saa alifariki Agosti 2003. Wiki moja kabla alimwita shemeji yake, akamtuma: "Mwambie dada yako kwamba kuhusu mtoto, nimemsamehe." Shemeji yake aliufikisha ujumbe ule kama ulivyo. Marehemu alishukuru, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Februari 2011, baada ya kulitafuta miaka ishirini na mitatu, alilipata gari lao chini ya magari mengine saba kwa muuza chuma chakavu. Alilitambua kwa namba ya chasisi. Likapelekwa uwanjani kwa Kufuli. Siku hiyo hakukaa dakika kumi, alikaa dakika hamsini. Mdogo wake alisimama nje na daftari kama kawaida. Marehemu alikaa nyuma upande wa kulia, mahali pasipokuwa pa mtoto. Kiti kilikuwa kimechanika, sponji iko nje. Upande wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, sponji ilibonyea taratibu, kisha mbonyeo ule ukasogea kuelekea kwake. Mdogo wake aliona. Anaandika alichokiona, kama Kufuli. Na Kufuli siku ile aliandika: mtu mzima mmoja, mtoto mmoja.

Marehemu alipotoka aliukagua utepe wa kushoto kwa lenzi, toka juu mpaka chini. Ulikuwa laini, hauna mstari wowote.

"Haukufungwa," akasema. "Andika."

Mdogo wake akaandika. Marehemu aliweka sahihi kwenye taarifa hiyo dhidi yake mwenyewe, akaipeleka polisi, ikaungwa na jalada la zamani. Jamaa walimlaumu upya, wengine kwa maneno yasiyosahaulika. Aliyameza.

Mwezi uliofuata alianza kuandika mapendekezo ya viti vya kuinulia watoto, ambayo yalikuja kuwa sheria mwaka 2014. Alisoma kwa sauti, mdogo wake akipiga chapa. Kuna sentensi ambayo mnaweza kuikuta humo hata leo, ukurasa wa sita: mkanda wa mtu mzima humkata mtoto shingo, na mtoto anayekatwa shingo ataomba afunguliwe, na mtu anayempenda ndiye atakayemfungulia. Mashine ikanyamaza.

"Umefika wapi?" marehemu akauliza, bila kugeuka.

"Kwenye shingo."

"Endelea."

Mdogo wake akaendelea. Alikuwa mwoga, na alizidi kuogopa, maana aliyemwambia dada yake habari ya shingo hakuwa yeye, na garini walikuwa watatu tu.

Machi 2023 marehemu aligundulika na maradhi ya figo. Alitibiwa kwa uvumilivu, akiwapima wauguzi kwa macho na kuwaambia ni kitanda gani kina gurudumu bovu. Miezi ya mwisho alilazwa wodi ya nne, kitanda cha dirishani, na akawa na tabia ya kulala ukingoni kabisa.

"Mama, utaanguka," muuguzi alimwambia. "Rudi katikati."

"Nimempisha mtu," akajibu. Muuguzi akacheka, kisha akatazama kitanda, akaenda kumwita mwenzake.

Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, mdogo wake alikuwa amekaa naye akimmenyea chungwa. Marehemu alifumbua macho, akauliza kwa sauti yake ya kazini, "Alikulalia paja lipi?"

Chungwa lilianguka. Mdogo wake aliinama kuliokota.

"Basi, usijibu sasa," marehemu akasema. "Utanijibu nikiwa siwezi kukugombeza."

Akatabasamu, akasogea ukingoni. Saa nne na dakika ishirini alifariki dunia.

Marehemu ameacha mtoto mmoja wa kiume, mkwe mmoja, wajukuu wawili ambao hawajawahi kupanda gari bila kufungwa, na mdogo wake mmoja wa kike, aliyelelewa naye, aliyekula chakula chake, na aliyemwacha abebe mzigo usio wake kwa miaka thelathini na sita. Ndugu mliomlaumu, mlimlaumu mtu asiye na kosa. Huyo mdogo wake ndiye anayesimama mbele yenu, na anajibu alichoulizwa.

La kushoto, dada. Alisema, "Mama mdogo, mkanda unanikata shingo, nataka kulala." Nikamfungulia.

Pumzikeni kwa amani, nyote wawili.